Mabati ya Majirani, Nyasi za Baba Yako

Mwanangu Anastazia,

Barua huanza kwa mtu kusema kwamba yeye ni mzima, kisha anauliza hali ya aliye mbali. Mimi nimekosa pa kuanzia, maana wewe hujafika mbali. Umekwenda tu kwa Mama Yusufu kumuaga, na hapa nilipokaa nasikia anavyokukatalia usiondoke kabla chai haijachemka. Uzima wangu umeuona mwenyewe mchana huu nilipokufokea uanue nguo mvua inakuja. Kwa hiyo salamu tuziache. Nataka nimalize kabla hujarudi, nizikunje karatasi hizi nizifiche ndani ya kanga ya chini kabisa sandukuni, uzikute ukiwa umeshafika Mwanza na huna namna ya kunibishia.

Karatasi nimezichana kwenye daftari langu la kisomo. Ukikuta mahali nimeandika r panapotaka l, cheka halafu endelea. Herufi hizo mbili ziliwahi kunigharimu mbuzi dume mzima, na leo ndiyo siku ya kukueleza.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kufunga mlango kwa komeo, wala ya vijana wa mjini. Hayo nimeyasema tangu siku ulipoitwa kazini katika hicho kiwanda cha nguo, mpaka jana ukaniambia, "Mama, basi, nimesikia," kwa sauti ileile ya baba yako. Nataka tuzungumze ile karatasi uliyonisomea jana jioni nikipika.

Ulisoma vizuri, kama mtangazaji wa redio. Ulisema kwamba mfanyakazi mpya ambaye hajawahi kuwa na nyumba mjini anaweza kujiandikisha apate kiwanja kilichopimwa. Akikipata, atakopeshwa saruji na mabati, na atakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Msingi lazima asimamishe ndani ya muda uliowekwa, asipoweza kiwanja anapewa mwingine. Na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko viwanja, ukasoma, "kura itapigwa." Hapo nikacheka mpaka mwiko ukaniponyoka ukaanguka majivuni. Uliniuliza nacheka nini, nikakwambia moshi. Moshi gani unaomchekesha mtu, Stazia?

Halafu ukaikunja karatasi ukasema maneno yaliyonifuta kicheko. Ulisema hujiandikishi. Ulisema utapanga chumba kimoja na wenzako, na fedha yote utakayoweza kubakiza utaileta hapa Nyamahanga tuezeke upande wa nyuma wa nyumba hii, tuondoe manyasi, watu waache kusema Mama Anastazia ana binti kiwandani na bado analala nusu nyumba nusu kibanda. "Nyumba yangu ni hii, mama," ulisema. "Nyingine ya nini?"

Nilinyamaza. Ukadhani nimekubali. Sikukubali, nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, na mimi maneno ya maana huwa hayanijii ugali ukiwa jikoni.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba hatukuzaliwa kwenye nyumba hizi zilizopangwa mistari. Mimi kwetu ni Kibimba, kule Ngara, na baba yako alinileta huku Biharamulo tukakaa kwenye kilima cha babu yako, ndani ya migomba, katika msonge wa nyasi ambao mvua ikinyesha husikii kitu mpaka utoke nje ulowe. Ulizaliwa mle. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini tukashushwa hapa kando ya barabara, na vyungu vyetu, na mlango tuliokuja nao kichwani, mbele ya kijiti kilichochomekwa ardhini. Kijiti kile ndicho kilikuwa nyumba. Nililia, sikufichi. Baba yako alikizunguka kijiti mara mbili, akapima kwa hatua zake ndefu, akasema, "Hapa nitajenga nyumba yenye pembe."

Bibi yako mzaa baba alimuuliza kwenye hizo pembe ataweka nini. Alisema nyumba yenye pembe ni ya mtu asiyependa kufagia. Lakini wakati ule kulikuwa na neno jingine linalotembea kijijini, nalo lilikuwa tamu: nyumba bora. Mtu akijenga kwa tofali, akafika linta, kijiji kitampatia bando la bati kwa nusu bei, na hiyo nusu atalipa akishauza pamba. Mabati yenyewe tulikuwa tunayaona. Yalikuwa yamelala ghalani mwa kijiji, na siku mlango ukiwa wazi wanaume walikuwa wanapitia pale hata kama njia yao si ile, wachungulie tu.

Baba yako akashikwa na homa ya bati. Tulifyatua tofali kwa udongo wa kichuguu, mimi nakanyaga, yeye anajaza fremu, wewe unazifunika majani zisipasuke kwa jua. Za chini tulizichoma, kuni zikatuishia, za juu zikabaki mbichi. Nilimwomba tujenge vyumba viwili. Akasema vinne, maana nyumba hujengwa mara moja. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilijua kwamba nguvu zetu ni za vyumba viwili na nikanyamaza, nikiogopa nisionekane mke wa kukatisha tamaa. Wewe ukipata kiwanja hicho, kijana atakayekuposa atakuja na mchoro mkubwa, fundi atakuja na mchoro mkubwa zaidi. Jenga chumba unachoweza kukiezeka. Kingine kitakuja, ukuta haukimbii.

Kuta zikafika linta. Wiki ileile vikaja vita. Nduli wa Uganda alikuwa ameshavuka mpaka kule kaskazini, na wanamgambo wakaitwa. Baba yako alikuwa mmojawao. Alipanda lori na wenzake pale mbele ya ofisi ya kijiji, amevaa koti lake la kanisani kwa sababu sare alikuwa hajapata, na maneno ya mwisho aliyonitupia kutoka juu ya lori hayakuwa ya mapenzi. Alipiga kelele, "Yule dume usimuuze! Ni wa siku ya kuezeka!"

Unajua desturi yetu. Mtu akiezeka, watu wanakuja bila kulipwa, wengine wanapanda juu, wengine wanarusha nyasi, na mwenye nyumba anapika. Asiyepika siku ya kuezeka, nyumba yake itavuja mpaka wajukuu waikimbie. Kwa hiyo dume yule alikuwa sehemu ya paa letu, sawasawa na kenchi.

Nikabaki na kuta zisizo na kofia, nusu yake tofali mbichi, na masika yanakuja. Kila jioni nilikuwa natoka nje kuangalia mawingu upande wa ziwa. Tofali mbichi ikinyeshewa hairudi kuwa tofali, inarudi kuwa tope. Niliogopa kwamba baba yako atarudi akute kichuguu. Hofu nyingine, ile ya kwamba huenda asirudi, sikuitia maneno, nilitazama mawingu tu.

Siku kijiji kilipokutana kuzungumza mabati, maana hayakutosha wote waliofika linta, wewe ulikuwa na homa, nimekupeleka zahanati. Sikuhudhuria. Kesho yake akapita Mzee Kagoma, aliyekuwa mpiga mbiu, akasimama pale kwenye mstari wetu akaita kwa sauti yake ya puani, "Jumamosi kula! Wote mliofika linta! Ofisini, Jumamosi, kula ya mabati!"

Sasa mwanangu, Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha sokoni. Nyumbani tulisema Kisubi, na mimi Kihangaza changu kilikuwa kinapenya kila mahali. R na L kwetu ni ndugu, ukimwita mmoja wanakuja wote. Nilisikia kula. Nikasimama pale na jembe mkononi nikawaza, kula ya mabati ni kitu gani? Moyo ukaniambia mkimbilie Mzee Kagoma umuulize. Lakini pale jirani walikuwa wamesimama wanawake wengine, wanaitikia kwa vichwa kama watu walioelewa, na mimi nikaona haya kuonekana mjinga wa Ngara. Nikajijibu mwenyewe. Nikasema, bila shaka mabati yanagawiwa Jumamosi, na anayepewa anapika, kama desturi ya kuezeka. Wakubwa wa wilaya watakuja, watataka kuona nani yuko tayari. Jibu lilikaa vizuri sana kichwani, ndiyo maana sikulitilia shaka.

Ijumaa nikaita mtu akamchinja dume. Nikapika na ndizi, nikamimina ile samli niliyokuwa nimeificha. Jumamosi asubuhi nikajitwisha chungu kikubwa, wewe nikakupa kikapu cha sahani, tukaenda. Nakumbuka nilikuwa nashangaa kwamba njiani hakuna mwanamke mwingine mwenye chungu. Nikafurahi, nikasema wamechelewa, mimi wa kwanza!

Wewe unachokumbuka ni nyama tu, nimewahi kukusikia ukiwasimulia wenzako. Mimi nakumbuka macho ya watu. Watu walikuwa wamekaa kwenye magogo, mbele yao meza, juu ya meza kofia, na ndani ya kofia vikaratasi vimekunjwa. Mvuke wa chungu changu ukawafikia kabla yangu. Wote wakageuka.

Katibu wa kijiji akanitazama. "Mama Anastazia, chungu cha nini?"

"Si leo kula?"

"Ndiyo. Kula."

"Basi nimeleta."

"Umeleta nini?"

"Cha kula!"

"Mama, kula ni hizi hapa," akasema, akaonyesha kofia.

Nikachungulia. "Karatasi? Kwani hizo zinaliwa?"

Kulikuwa na bwana mmoja aliyetoka wilayani kusimamia, mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akasimama, akasema taratibu kama anamfundisha mtoto, "Mama, ni kura. Ku-ra. Ya bahati."

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Kula. Nyama ni ya mbuzi."

Stazia, watu walicheka. Mama Yusufu aliteleza kutoka kwenye gogo. Mzee Kagoma mwenyewe, aliyenisababishia yote, alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake. Mimi nilipoelewa, nilitamani ardhi inimeze na chungu changu. Nilifikiria dume la baba yako, dume la paa, amepikwa bure siku isiyo yake. Nikamwita mtu anisaidie kujitwisha nirudi nyumbani.

Mwenyekiti akanizuia. "Mwanamke, chungu kiache hapo. Na kura yako hujapiga."

Katibu akakohoa. Akasema jina lililoandikwa ni la mume wangu, na mwenye jina yuko vitani, kwa hiyo pengine tusubiri arudi. Hapo haya yangu yote yaliniisha. Nilimuuliza kama mvua nayo imekubali kusubiri. Mwenyekiti akamuuliza, "Tulipopita kukagua, nani tuliyemkuta juu ya jukwaa na tope mpaka viwikoni?" Katibu akaandika jina langu kando ya la baba yako. Ilikuwa mara ya kwanza kuona jina langu limeandikwa, na sikujua kulisoma. Nilijiandikisha kisomo kwa ajili ya mstari ule.

Nikaingiza mkono kwenye kofia. Nikatoa karatasi, nikampa yule bwana aifungue, kwa sababu mimi ningeona nini? Akaifungua, akaigeuza upande wa pili, akaniangalia kwa huruma. Ilikuwa tupu.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia nzi juu ya chungu. Nilitaka kulia, lakini niliona kwamba nikilia pale nitakuwa nimewapa watu kichekesho na kilio siku moja, na huo ni ukarimu uliopita kiasi. Nikakuita ulete sahani. Nikafunua chungu nikaanza kupakua. Nikasema kwa sauti, "Haya, karibuni. Kura yenu imekwisha, sasa kula yangu."

Walikula. Waliopata walikula na waliokosa walikula. Yule bwana wa wilayani, aliyekuwa safarini tangu jana yake, alikula kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Na nilipokuwa nakwangua chini ya chungu, Mama Yusufu alikuja akachutama karibu yangu. Yeye alikuwa amepata bando. Akaosha mikono polepole, akasema, si kwa kuninong'oneza bali wote wasikie, "Mimi nyumba yangu vyumba viwili. Bando zima nitalifanyia nini, nifunike na kuku? Njoo uchukue unachoweza kubeba."

Bwana wa wilayani akanyanyua kichwa. Akasema kwamba kwa utaratibu uliowekwa, bati ni za walioshinda tu, haziruhusiwi kugawanywa. Mwenyekiti akamtazama, akatazama sahani yake. Yule bwana naye akaitazama sahani yake. Akasema, "Mimi naandika bando limeingia nyumba ya nani. Usiku likitembea, mimi nitakuwa nimeshaondoka."

Basi yakatembea. Ya Mama Yusufu yakaja kwanza, kisha ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kisha ya mzee aliyekuwa jirani yetu kule kilimani. Si wote waliotoa. Mzee Petro, aliyekula vipande vya watu watatu, alinipita njiani kana kwamba hanijui. Siku za baadaye akaja jioni na fungu la misumari ya bati kwenye gazeti, akaniambia bila kuniangalia, "Ile nyama ilikuwa na chumvi ya kutosha." Nimemsamehe Mzee Petro, na misumari yake ndiyo inayoshikilia mpaka leo.

Yalitosha vyumba viwili vya mbele. Vya nyuma tuliezeka nyasi. Siku ya kuezeka sikuwa na mbuzi wala kuku. Nilichemsha viazi, na watu walikuja vilevile, wakanitania kutoka kule juu ya kenchi kwamba leo ndiyo ilikuwa siku ya kula. Ndiyo maana wakubwa wenzangu hadi leo wananiita Mama Kula, na wewe ukadhani ni kwa sababu ya unene. Masika yalianza tukiwa hatujafunga hata ukingo wa paa. Kuta zilisimama.

Nilimshukuru Mungu, lakini nikwambie kweli, kwa upande wa nyasi niliona aibu. Niliapa kwamba baba yako akirudi, kitu cha kwanza ni bati za nyuma. Nilichukia kuuona kutoka barabarani.

Akarudi. Hilo peke yake limenitosha kushukuru maisha yangu yote, kwa sababu lori lile halikurudi na wote waliopanda. Alishuka pale barabarani akaipita nyumba yake mwenyewe, hakuitambua, mpaka wewe ulipomkimbilia. Akasimama uani akaitazama, mbele inang'aa, nyuma manyasi. Nikamweleza habari ya kura na kula na dume lake. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimesubiri kicheko kile muda mrefu.

Usiku wake mvua ilinyesha. Hili sijawahi kukuambia, nawe ulikuwa umelala. Mvua yenyewe ilikuwa kubwa, yenye mawe, na ilipoyapiga mabati baba yako hakuwa tena kitandani. Nilimkuta uvunguni, mikono juu ya kichwa, ananiamrisha nilale chini, nilale chini. Nilimwambia ni mvua, baba Stazia, ni mvua tu. Hakunisikia. Hakuna anayesikia kitu chini ya bati mvua ya mawe ikinyesha. Nilimshika mkono nikamvuta, tukitambaa kama watoto, mpaka chumba cha nyuma, chini ya nyasi. Kule kelele zikapungua. Mvua ikawa mvua, kama ile ya kwenye msonge wa kilimani. Akaanza kupumua. Akalala kifuani kwangu mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alihamisha mkeka wake kule. Kila mvua ilipojikusanya, alikuwa anaamka kimya kimya anakwenda upande wa nyasi, nami nikimfuata. Wewe tulikwambia kwamba baba anapenda baridi. Hakuwahi kunielezea alichokiona huko, na mimi sikumuuliza, kwa sababu kuna maswali ya kuuliza na kuna ya kukaa nayo karibu. Lakini miaka yote aliyokaa nasi alikuwa na mahali pa kulala. Nikikumbuka nilivyoichungulia ile karatasi tupu kwa uchungu, napata kizunguzungu. Ningeshinda kura ile, Stazia, nyumba nzima ingekuwa bati. Baba yako angelala wapi?

Ndiyo maana kila kiangazi natafuta nyasi mpya, nami nakunyima jibu ukiniuliza kwa nini tusimalizie bati. Si ufukara, mwanangu. Tangu tulipomzika, mvua ikianza nakwenda kule nyuma nakaa kidogo. Usije ukauezeka bati upande ule. Nakuomba kama mama, na nikikuona na fundi uani kwangu nitakukimbiza na mwiko.

Kwa hiyo fedha yako haina kazi hapa. Nyumba hii imekamilika. Ina mabati ya majirani na nyasi za baba yako, hakuna pa kuongeza. Wewe ndiye huna nyumba. Kajiandikishe.

Na ukifika mbele ya meza yao, usiwe mimi wa pale na jembe mkononi. Watakuwa na maneno yao. Ulinisomea jana neno dhamana, ukalipita haraka, na mimi nikajua kwamba hujalielewa, kwa sababu hivyo ndivyo na mimi nilivyokuwa nikiyapita. Uliza. Uliza wanakata kiasi gani na wanakata mpaka lini, ukiugua je, kazi ikiisha je, msingi ukichelewa kwa sababu saruji imeadimika je. Wakichoka, waache wapumzike, kisha uliza tena. Walio nyuma yako kwenye foleni watakung'ong'a, na nusu yao watakuwa wanategea sikio wasikie jibu. Jina liandikwe la kwako. Ukiolewa, hewala, mume atapata pa kulala, lakini jina lisifutwe. Mimi langu lilikuwa pembeni ya mstari, na hata hapo ilibidi mwenyekiti anitetee.

Ukikosa kwenye kura, usirudi chumbani kulia peke yako. Pika kitu, hata maharage, uite wenzako wa kiwandani. Sisemi watakupa mabati. Mjini sijui watu wakoje. Nasema tu kwamba yote niliyonayo, niliyapata baada ya ile karatasi tupu, wakati bado naosha sahani.

Nasikia Mama Yusufu amekuachia, mnaagana mlangoni kwa mara ya tatu. Analia, muongo yule, alisema hatalia. Mkumbatie vizuri. Bati iliyo juu ya kitanda ulichokulia ni ya mkono wake.

Nakushukuru, Stazia. Nakushukuru kwa kutaka kunijengea, hata kama nimekataa. Nakushukuru kwa kubeba kikapu kile cha sahani bila kuvunja hata moja. Nakushukuru kwa kumkimbilia baba yako alipokuwa ameipita nyumba yake.

Siku utakayoezeka, chumba kimoja tu kinatosha, nitumie habari. Nitapanda basi na dume nitamfunga juu ya keria, kondakta aseme atakalo. Nitakuja na chungu kilekile mpaka mlangoni kwako, na safari hii hakuna atakayenicheka, kwa sababu nitakuwa sijakosea. Itakuwa siku ya kula.

Aliyekuzaa kwenye msonge,
Mama Kula